Boga la Khan na Boga la Opanas

Verbivka, mkesha wa Mtakatifu Yuri

Dada Melashka,

Mama ameketi mbele yangu na anataka niandike mambo matatu kabla ya salamu: kwamba ng'ombe amezaa, kwamba paa halivuji tena, na kwamba ule. Hilo la kula amelirudia mara mbili, kwa hiyo na mimi nalirudia: ule.

Sasa salamu. Sisi wazima. Barua yako ilifika na Mjomba Hnat vuli iliyopita, juu ya gari lake la chumvi linalokokotwa na ng'ombe, imevimba kwa unyevu kama mkate. Nimeisoma mbele ya Mama mara nyingi hadi imekatika kwenye mikunjo. Majirani nao huja kusikiliza. Wanapenda sana pale unaposema mnaoga maji ya moto kila wiki. Motria wa kisimani anasema huo ni uongo, hakuna mtu anayeweza kuchafuka kwa kasi hiyo.

Theluji ilifunga njia, basi nimekuwa na miezi mitano ya kufikiria jibu. Uliandika kwamba Khan huwaachia huru mateka wachache kila mwaka, kwamba mwaka huu jina lako limo, na kwamba ukitaka unaweza kurudi na magari ya Mjomba Hnat, ukawa nyumbani vuli hii, sikukuu ya Pokrova. Kisha ukauliza swali moja tu. Je, Opanas bado anakusubiri? Ukasema kama anasubiri utarudi, kwa sababu uliahidi kabla wapanda farasi wa Khan hawajakuchukua, na ahadi yako hawakuichukua.

Anasubiri, Dada.

Miaka sita na hajaoa. Ni fundi wa magurudumu sasa, hata magari ya Mjomba yanatembea juu ya kazi yake. Kila wiki yuko hapa kwetu. Lango letu amelitengeneza mara kumi na moja. Mama anasema hata lango la kanisa halijawahi kutunzwa hivyo.

Mama anasema nikuandikie kwamba amechoka kupika kwenye chungu kidogo, urudi. Msimamizi wa Bwana Zaremba naye amesikia habari, na ameshakuweka kwenye kundi la kufunga miganda ya ngano, siku tatu kwa wiki shambani kwa bwana, kama sisi sote. Mama amemwambia mtu aliyetoka kwa Khan hawezi kuanza na miganda, angalau aanze na kuku. Wanaendelea kubishana.

Mimi nina miaka kumi na minane na bado najificha nyuma ya jiko wageni wakija. Bikizee, mama wa bwana, ananiita nimsomee vitabu vyake vya Kipolandi kila Jumapili. Nasoma kwa sauti ndogo hadi analala, kisha anasema nimesoma vizuri. Anashangaa binti wa mtumwa wa shamba kujua kusoma lugha mbili na kutojua kusema hata moja. Ni kweli. Baba alipokuwa akipiga kengele za kanisa, mwimbishaji alitufundisha herufi mimi na wewe bure, lakini sauti hakutufundisha. Wewe ulizaliwa nayo. Kwenye karatasi sina aibu, kwa sababu karatasi haikutazami usoni.

Opanas anakusalimu. Hakusema hivyo, ila aliponiona naandika alivua kofia.

Mdogo wako,
Paraska


Bakhchisarai, wiki baada ya Pentekoste, kama sijapoteza hesabu

Paraska, mdogo wangu,

Mjomba Hnat alifika jana penye lango la jikoni, akaanza kumtukana mpishi kuhusu bei ya chumvi, na katikati ya matusi akamtumbukizia Bibi Yevka barua yako kwenye kikapu cha vitunguu. Nimelia, na safari hii siwezi kusingizia vitunguu peke yake.

Mwambie Mama nakula. Mwambie Motria aje anuse.

Uliniuliza zamani ninafanya kazi gani hapa, nikakujibu bustani, ukadhani nakuficha. Ngoja nikueleze bustani niliipataje, umsomee Mama, atacheka.

Mwaka wa kwanza walinipa jina jipya, Ferahnaz, badala ya Melania ambalo nyumbani mnalikata kuwa Melashka, wakanifundisha kushona kwa nyuzi za dhahabu na kuinamisha kichwa. Kuinamisha kichwa nilikuwa nakujua, nilijifunza kwa Bwana Zaremba. Kisha siku moja mwalimu wa kushona akaniambia Khan ameniona nikipita uani, na nimeitwa nile naye chakula cha jioni. Wenzangu wakanipongeza. Mimi nikamkumbuka Opanas. Sikujua mtu wa hapa anakataaje. Nilijua tu kwetu msichana anakataaje kwa adabu, bila kumtukana mtu. Nikaenda kwa Bibi Yevka jikoni. Yeye naye ni wa kwetu, alichukuliwa miaka arobaini iliyopita. Nikamwomba boga.

Akaniuliza kama nina akili. Nikasema boga kubwa.

Nikaliweka kwenye sinia la fedha, nikalifunga utepe, nikampelekea Khan.

Unajua alifanya nini? Alilipikisha kwa asali na jozi, akala, akanirudishia nusu na salamu za shukrani. Kwao boga ni chakula tu. Alipoita tena, nikapeleka boga la pili. Akadhani ni desturi ya kwetu ya kuheshimu wafalme, akanipa pete. La tatu lilipofika, akamwita Bibi Yevka amweleze. Bibi anasema alipiga magoti akamwambia ukweli wote: kwetu washenga wakija na posa, wakipewa vitambaa vilivyotariziwa wamekubaliwa, wakipewa boga waende zao. Jiko zima liliacha kupumua.

Khan alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Akasema, "Nimekataliwa kwa mizinga na nimekataliwa kwa wapanda farasi. Kwa mboga, bado." Kisha akaamuru nipewe kipande cha ardhi nyuma ya jiko nipande maboga, nisije nikaishiwa. Hakuniita tena.

Ndiyo bustani hiyo. Mwaka huu yametambaa hadi kwenye ukuta. Khan mwenyewe hupita kuuliza yanaendeleaje.

Kuhusu jibu lako: nimesikia. Anasubiri. Basi nitarudi. Mwambie Opanas magari yakifika Pokrova nami nitakuwa juu yake.

Kuna jambo moja dogo nimeliona. Barua zako zote za nyuma ulimwita shemeji Opanas. Katika hii ni Opanas, basi. Umekua, naona.

Dada yako,
Melania


Verbivka, mkesha wa Mtakatifu Ilya

Dada,

Barua hii Mama haijui. Nimeishona ndani ya kona ya gunia la Mjomba Hnat, na naandika nikiwa nimekaa ghalani kati ya mapipa ya kabichi. Hapa ndipo mahali pangu pa kufikiria.

Nilikudanganya. Si uongo mzima, ni uongo wa kipande, lakini nimebeba kipande hicho tangu majira ya kuchipua na kimenichubua bega.

Wiki mbili kabla sijakuandikia kwamba anasubiri, Opanas alikuwa amepiga magoti langoni na nyundo yake. Nilimpelekea maji, kama kawaida niliweka kikombe juu ya nguzo nikageuka niondoke. Akasema, bila kuinua kichwa, "Paraska, lango hili halijawahi kuharibika. Mimi ndiye ninayelilegeza."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Nikakimbilia humu kwenye kabichi na sikutoka hadi ng'ombe walipoanza kudai kukamuliwa.

Alikusubiri kweli, Dada. Miaka ya mwanzo alikuwa akienda hadi barabara kuu kuwauliza wachukuzi wa chumvi kama kuna mtu amekuona. Alikuwa akija kukaa na Mama ili wamlilie mtu mmoja pamoja. Kisha sijui ni lini, sikuona siku yenyewe, tukaanza kucheka. Mimi, ambaye hata kuku wananinyamazisha, nilikuwa namsimulia vitabu vya bikizee, naye anachonga mti na kusema, "Halafu?" Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia halafu.

Anataka kuleta washenga Pokrova. Kumjibu kwa mdomo nilishindwa, basi nikamwandikia. Nilisahau hajui kusoma. Akaipeleka kwa mwimbishaji wa kanisa amsomee, na mwimbishaji yule hana sauti ya chini, akaisoma katikati ya mazoezi ya kwaya. Sasa kijiji kizima kinajua nimemwahidi Opanas boga. Wanakwaya wakikutana naye wanajishika tumbo na kutembea kama wamebeba kitu kizito. Yeye anasema atakuja tu, boga akipewa atalila.

Ninalo tayari. Nimelipanda nyuma ya ghala, nalimwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda shambani kwa bwana. Ni kubwa, la rangi ya chungwa, upande mmoja limebonyea kidogo. Ni kwa ajili yako. Ukirudi utamkuta Opanas ni wako, hakuna mtu aliyemgusa hata kidole.

Nampenda. Nimeliandika mara moja, sitaliandika tena.

Nimemwambia Mjomba Hnat barua imo gunia gani. Nimemwambia akikukuta una huzuni akupe. Akikukuta umeshafunga mzigo wako na unacheka, aitupe mtoni, nisikuharibie furaha uliyoisubiri miaka sita. Ameapa kwa chumvi.

Paraska


Bakhchisarai, siku chache kabla ya sikukuu ya Kulala kwa Mama wa Mungu

Paraska wangu,

Hii inakuja na mfanyabiashara wa vitambaa, Muarmenia, anapanda kaskazini kesho na farasi wa haraka. Mjomba Hnat bado yuko njiani kuja huku na ng'ombe wake, nami siwezi kumsubiri. Nataka barua itangulie kabla sijafika, kwa sababu nikishafika sitaweza kusema haya.

Ile hadithi ya maboga niliikata katikati. Mama alicheka? Sasa soma peke yako.

Mimi ni suria wa Khan. Mwaka wa pili sasa.

Usiitupe karatasi bado. Baada ya yale maboga matatu alitimiza neno lake, hakuniita. Lakini alikuwa akipita bustanini. Kwanza alisimama. Kisha akawa anaketi juu ya kikapu kilichopinduliwa, mtu mzima, mjane, mwenye mashavu ya upepo, na watumishi wake wamesimama mbali wakijifanya wanatazama mawingu. Aliuliza maneno ya kwetu. Alijifunza kusema "jembe" na "mvua" na "toka hapo unakanyaga mche". Alipanda boga moja kwa mkono wake mwenyewe, likafa. Alipanda la pili, likafa pia. Nikamwambia huenda vita anaviweza zaidi. Akasema hapana, hata huko hubahatisha.

Miaka mitatu hivyo. Hakuomba kitu. Kisha siku moja alimwendea Bibi Yevka jikoni, akasimama mlangoni kama mtoto aliyetumwa chumvi, akauliza: "Na kinyume cha boga ni nini?"

Bibi akamwambia: kitambaa cha kutarizi, kwa mkono wa msichana mwenyewe. Akashukuru akaondoka. Hakuniambia mimi neno. Bibi ndiye aliyeniambia, na kucheka kwake kulimwaga supu.

Nilikaa na habari hiyo majira yote ya baridi. Kulipochipua, nilitarizi kitambaa kimoja, nikakiweka kwenye sinia lilelile la fedha.

Sikuja hapa kwa hiari, Paraska. Nililetwa nimefungwa kamba shingoni, nimetembea siku ishirini na mbili, na wengine niliotembea nao hawakufika. Hilo halifutiki. Nimemwambia yeye hivyohivyo, na hakubisha. Ndiyo maana jina langu limo kwenye orodha ya mwaka huu. Alisema kitambaa nilichompa nilimpa mlango ukiwa umefungwa, hawezi kukihesabu. Magari ya chumvi yakiwa tayari kuondoka atanipa hati ya uhuru mkononi. Nikienda, niende. Nikibaki, nibaki nikijua mlango uko wazi, na kadhi aitwe. Haniulizi nitachagua nini. Ila ameacha kula boga, na jiko zima lina wasiwasi.

Na Opanas, mwenye haki, nitamwambiaje? Mtu ametengeneza lango mara kumi na moja. Nilipoandika kuuliza kama anasubiri, nikikuambia kweli nilikuwa naomba uniambie hapana. Umesema ndiyo. Basi ni ndiyo. Siwezi kukaa kwenye mito ya hariri na kumfikiria mtu huyo amepiga magoti na nyundo yake kwa ajili yangu.

Narudi. Opanas asijue haya kamwe. Nitakuwa mke mwema, nitafunga miganda ya bwana, nitacheka. Naomba kitu kimoja tu: mwaka wa kwanza mtu asipike boga mbele yangu.

Melania


Verbivka, siku tatu baada ya Kuzaliwa kwa Mama wa Mungu

Dada usije.

Muarmenia amefika leo. Nimekusoma nyuma ya jiko, nimesoma tena kwenye kabichi, kisha nimekimbia hadi barabara kuu kama mwendawazimu kutafuta mtu anayeelekea kusini, na nimekutana na mtawa mmoja na bata wake, wote wanaelekea kaskazini.

Barua hii haina mchukuzi. Naiandika kwa sababu nisipoiandika nitapasuka.

Usije. Soma barua yangu ya mkesha wa Mtakatifu Ilya. Imo kwenye gunia. Opanas alinipigia mimi magoti, lango lilikuwa langu. Tumekaa, wewe huko na mimi huku, kila mmoja akimtunzia mwenzake mume asiyetakiwa.

Na mimi ndiye niliyemwambia Mjomba Hnat kwamba ukicheka asikupe. Kwenye barua yako umeandika kwamba utacheka. Nakujua, ukiamua kucheka utacheka hadi meno ya nyuma yaonekane. Atakutazama, ataitupa mtoni, utapanda gari, utakuja kuolewa na mtu anayenipenda mimi huku unampenda mtu anayeua miche ya maboga. Na yote kwa sababu sikuweza kusema neno moja kwa sauti mbele ya mtu.

Pokrova bado wiki tatu. Opanas anauliza kama boga limekua. Nimemwambia limekua.

Paraska


Bakhchisarai, siku ya Yohana Mbatizaji kukatwa kichwa, wiki mbili na kitu tangu Muarmenia aondoke

Paraska, mwizi wangu wa wachumba,

Ukisoma hii Pokrova itakuwa imefika, na mimi sitakuwa juu ya gari. Tulia. Soma pole pole.

Mjomba Hnat alikuja langoni na ng'ombe wake. Mimi nimeshafunga mzigo, nimevaa shali, nimejipaka tabasamu. Nikatoka nacheka. Alinitazama, akajikuna chini ya kofia.

Akasema, "Melashka, nimeapa kwa chumvi. Nikikukuta unacheka kuna kitu nisikupe. Sasa nijibu, unacheka?"

Nikasema, "Nacheka, Mjomba."

Akasema, "Kicheko kama hicho nimekiona kwa ng'ombe wanapovushwa mto." Akapasua kona ya gunia.

Kumbe mzee huyu alijua yote. Aliniona bustanini na Khan mwaka jana, nikamwapisha asiseme nyumbani. Aliwaona wewe na Opanas, ukamwapisha asiseme huku. Miezi yote hiyo amebeba siri mbili kutoka ncha moja hadi nyingine ya nyika, anasema ni nzito kuliko chumvi na hazina ushuru.

Nilisoma nimekaa juu ya gunia, katikati ya njia. Nilipofika kwa mwimbishaji na kwaya yake nilianza kucheka, safari hii kweli, na sikuweza kuacha. Walinzi wakaja. Bibi Yevka akaja. Nikamsomea palipoandikwa "mimi ndiye ninayelilegeza", na yeye ambaye ameisahau lugha yetu nusu, neno hilo alilielewa lote, akakaa chini kando yangu.

Hati nilikuwa nayo kifuani tangu asubuhi. Nilikwenda nayo bustanini. Khan alikuwa kwenye kikapu chake kilichopinduliwa, mgongo umenigeukia, kwa sababu alikuwa ameapa hatanitazama nikiondoka. Nikamwambia anakanyaga mche. Akainua mguu haraka, akatazama chini, hakuna mche. Ndipo akageuka.

Kadhi anakuja kesho. Mwambie Mama nilichagua mchana kweupe, nimesimama kwa miguu yangu, mlango ulikuwa wazi, na njia ya kurudi ilikuwa mbele yangu, imejaa ng'ombe.

Nakutumia vitambaa viwili. Nilivitarizi mwaka wa kwanza hapa, kwa siri, kwa ajili ya washenga wa Opanas. Vina majogoo wekundu. Jogoo mmoja ana miguu mitatu kwa sababu siku hiyo nilikuwa nalia sioni, usimcheke. Vilikuwa vya washenga wa Opanas, na bado ni vya washenga wa Opanas. Sijabadilisha kitu.

Sasa fungua mdomo, Paraska. Mara moja tu.

Dada yako, mtu huru,
Melania


Verbivka, siku ya pili ya Pokrova

Dada,

Jana washenga walifika asubuhi na mapema, wawili, na mkate wao. Walisema maneno yao ya desturi, kwamba ni wawindaji, wamefuata nyayo za mnyama mzuri kwenye theluji hadi kwenye nyumba hii. Theluji yenyewe hakuna, kulikuwa na matope. Mama akawakaribisha. Opanas alikuwa amesimama nyuma yao amevaa mkanda mpya, uso wake mweupe kama unga.

Mimi nilisimama kando ya jiko na kuchokonoa udongo wake, kama inavyompasa msichana anayeposwa. Kwa kawaida anachokonoa kidogo, kwa adabu. Mimi nilichokonoa hadi Mama akaniambia, kwa sauti ya chini, jiko hilo tunalihitaji.

Boga lilikuwa mezani chini ya kitambaa. Kila mtu alilijua. Magari ya Mjomba hayakuwa yamefika. Sikujua kama uko juu yake. Kama ulikuwa unakuja, ukiwa umeyaacha yote kwa ajili ya Opanas, ningewezaje kukupokea nikiwa nimeshamkubali? Washenga wakala. Wakanywa. Wakasimulia tena habari za mnyama. Ilipofika adhuhuri mmoja wao akasema, kwa upole, kwamba wawindaji nao wana ng'ombe wa kukamua, jibu ni lipi.

Nikashika boga. Lilikuwa zito, Dada, nimelimwagilia vizuri mno. Nililiinua hadi kifuani. Opanas akanyoosha mikono kulipokea. Hakukasirika. Alinyoosha tu mikono, ili lisiniangushe.

Ndipo tukasikia kengele za ng'ombe.

Nilitoka mbio na boga mikononi. Mama nyuma yangu, washenga nyuma ya Mama. Gari la kwanza, chumvi. La pili, chumvi. La tatu alikuwa Mjomba Hnat peke yake, amekaa juu ya magunia, na kando yake hakuna mtu.

Mama aliitazama nafasi ile tupu muda mrefu. Sitakuficha. Alishika ubao wa gari, mahali ambapo ungekaa, akaushikilia.

Mjomba akanipa furushi. Vitambaa vya majogoo vikaanguka nje kwanza. Kisha barua, na kila mtu akanitazama mimi, kwa sababu ni mimi ninayesoma. Washenga, majirani, kwaya nzima, hata msimamizi wa bwana aliyekuja kuuliza juu ya miganda. Nilitaka kukimbilia kabichi. Nikampa Opanas boga anishikie.

Nikasoma. Yote, Dada. Kwa sauti. Khan na kikapu chake, ng'ombe wanaovuka mto, mlango ulio wazi, "mwizi wangu wa wachumba". Motria alisema nyuma hawasikii, niinue sauti. Nikainua sauti. Nilipofika mwisho, pale uliposema nifungue mdomo, nilikuta umeshafunguka, basi nikautumia. Nikasema, "Opanas, weka boga chini."

Akaliweka. Nikawafunga washenga vitambaa, kila mmoja begani. Aliyepata jogoo wa miguu mitatu anajivuna, anasema huyo ndiye anayekimbia zaidi.

Mama alikuwa bado ameshika gari. Nikamwomba msamaha kwa kumficha. Akasema, "Mimi nilijua tangu lango la nne." Kisha akamuuliza Mjomba kama ni kweli mlango huo wa Khan uko wazi. Mjomba akasema upo wazi, ameuona kwa macho yake. "Basi nitaingia," Mama akasema. Anakuja na magari siku ya Mtakatifu Yuri, majira ya kuchipua. Kibali nilikwenda kumwomba bikizee wa bwana leo asubuhi, mwenyewe, kwa Kipolandi, bila karatasi. Alishtuka sana kusikia nina sauti hata akakubali kabla sijamaliza. Mama ameshaanza kufungasha. Anachukua chungu kikubwa, kwa sababu anaamini huko watakuwa na vidogo.

Boga tulilipasua jioni. Tukalipika kwa asali na jozi, kama lile la kwanza, na likatosha wawindaji, kwaya, na Opanas aliyekula mara tatu, akasema aliahidiwa. Msimamizi naye alipewa sahani, na hakusema tena miganda.

Mbegu nimezikausha juu ya jiko, au juu ya kilichobaki cha jiko. Mama atakuletea. Zimetoka kwenye boga ambalo halikutolewa, nadhani hizo hazitakufa hata zikipandwa na mkono mbaya.

Mpe apande yeye. Na umsalimie sana shemeji.

Paraska